Maji Saba kwenye Sakafu Nyekundu

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa na pua ambayo serikali ingeiajiri. Akisimama mlangoni tu, aliweza kukuambia nani kapika dagaa mtaa wa pili, na kama aliwatoa vichwa au aliwapika hivyo hivyo kwa uvivu. Mara nyingi mvivu huyo nilikuwa mimi, kwa hiyo pua ile naijua vizuri. Ndiyo maana hadi leo nikikumbuka kwamba nilijaribu kuificha harufu ya mbwa mbele yake, najicheka peke yangu mpaka wajukuu wanauliza bibi ana nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa elimu ya watu wazima hapo Tarime mjini. Kila alasiri niliwafundisha kusoma na kuandika watu wenye umri wa baba yangu. Nilianza kwa kuwaamkia shikamoo, halafu ndipo niwakosoe. Nilikuwa na cheti, kalamu mbili, na saa ya mkono iliyokuwa imesimama saa nne kasorobo. Zamani zile ukiwa na vitu hivyo ulikuwa mtu, na mimi nilijiona mtu kweli kweli.

Chumba changu kilikuwa cha nyuma. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kiislamu, mtu wa Tanga, aliyeletwa Tarime akiwa bibi harusi na mume wake fundi cherehani. Mume alikuwa amefariki karibu mwaka mmoja kabla ya mambo haya. Chumba cha mbele ndicho alichokuwa akishonea, na kila kitu kilikuwa bado mahali pake: cherehani, meza ya kukatia vitambaa, na ile sakafu.

Sakafu ile ilikuwa nyekundu. Fundi aliimwaga kwa mikono yake, akachanganya saruji na rangi, akaisugua kwa mgongo wa chupa siku nyingi mpaka ukiinama unaona kivuli cha uso wako. Sisi wengine tuliokulia juu ya sakafu za udongo tulikuwa tukipita pale mlangoni tunapunguza mwendo. Mama aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa chenye unyevu, akatandika mkeka wake hapo akasali. Mtu akiingia na viatu, hata awe balozi wa nyumba kumi mwenyewe, alirudishwa nje kama mtoto.

Sasa, kulikuwa na shemeji yake. Mdogo wa marehemu, yuko Tanga, na barua zake zilikuja kila mwezi. Mama alikuwa anasoma Kiarabu cha msahafu bila shida lakini herufi zetu zilimpiga chenga, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea, na zote zilisema jambo moja kwa maneno tofauti: shemeji, mwanamke peke yako, binti yako ameolewa Musoma, unakaa katikati ya watu wa ng'ombe, unangoja nini? Rudi pwani ukae na wenzako, nyumba hiyo tuiuze. Nilipofika hapo kwenye watu wa ng'ombe nilikuwa nainua macho, na Mama anasema, "Endelea, hajakutaja wewe kwa jina."

Barua ya mwisho ilisema atakuja mwenyewe kwa khitma ya mwaka, ile dua ya kumsomea marehemu, aone kwa macho yake nyumba inatunzwa vipi.

"Akikuta imeharibika," Mama akaniambia, "atanifungia mizigo siku hiyo hiyo. Na kwa watu wote itaonekana ni huruma."

"Kwani hutaki kwenda?"

Aliniangalia kama nimemuuliza kama anataka kukatwa mguu. "Miaka ishirini na sita, Mwalimu. Kaburi la mume wangu liko hapa. Huko Tanga nitamjua nani? Walionijua wameshakufa, na waliobaki wananikumbuka nikiwa mwembamba."

Basi. Hilo ndilo lililokuwa mezani: mjane abaki kwake au asombwe. Na kati ya watu wote wa Tarime, nyumba ile nikaachiwa mimi.

Binti wa Musoma alijifungua, Mama akaenda kumwangalia kwa wiki tatu. Akanipa ufunguo wa chumba cha mbele na agizo moja: "Fungua madirisha asubuhi, funga jioni. Usifanye kingine chochote." Angeniachia ng'ombe kumi ningewalinda. Madirisha mawili yalinishinda.

Jumamosi ile nilikwenda nyumbani kuwasalimu wazazi. Nyumbani kulikuwa kumehama. Mwaka uliotangulia familia zote za mlimani zilikuwa zimeteremshwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa kwenye mstari kando ya barabara kama wanafunzi paredi. Baba alihama, mama alihama, ng'ombe walihama. Mbwa wa baba, mzee wa kuchungia, mwenye sikio moja lililoliwa na fisi, alikataa katakata. Kila walipomleta kijijini alirudi mlimani kulala kwenye vifusi vya zizi la zamani, akilinda ng'ombe wasiokuwepo. Baba alikuwa akimcheka mbele ya watu, lakini mama aliniambia kwamba kila jioni baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akipanda mlima na kipande cha ugali mfukoni.

Nilipoondoka Jumapili nikapitia njia ya mlimani, nikamsalimu mbwa, nikamkuna lile sikio. Kosa langu la kwanza. Alinyanyuka akanifuata. Nilimfukuza, nikamrushia mawe kwa kumkosa makusudi, nikamtukana kwa Kikurya na kwa Kiswahili sanifu. Alikuwa anakaa chini kunisubiri nimalize, halafu tunaendelea. Tuliingia Tarime saa kumi jioni, mimi mbele nikijifanya simjui.

Msimu ule fisi walikuwa wakishuka hadi nyuma ya soko, na mbwa mzee kama yule asingemaliza usiku mmoja nje. Chumba changu kilikuwa kidogo, kitanda na sanduku vimekijaza. Nikafikiri: chumba cha mbele kiko wazi, ni usiku mmoja tu, kesho nitapata mtu wa kumrudisha.

Zikawa siku tisa. Kila aliyekuwa anakwenda upande wa kwetu alikuwa na mzigo, au ana haraka, au anaogopa mbwa. Na mbwa mwenyewe, Mungu amrehemu, kibofu chake kilikuwa kimezeeka kuliko miguu. Asubuhi ya kwanza nikakuta kidimbwi katikati ya sakafu nyekundu. Nikafuta. Asubuhi ya pili, vidimbwi viwili, na kingine amekirushia kwenye mguu wa meza ya kukatia, kwa adabu zote, kama mtu anayetia sahihi.

Mvua zilikuwa zinanyesha, madirisha yenyewe nilikuwa nayasahau, na kufikia siku ya sita chumba kile kilikuwa kinanuka mpaka machozi. Nikaanza kazi. Maji ya baridi yaliiamsha harufu. Maji ya moto yaliikasirisha. Sabuni ilikuwa adimu kama nyama ya paa, ukipata kipande kwa kikaratasi cha balozi unakiogea wewe mwenyewe kwa kukibania. Nilitoa kipande changu chote cha mwezi nikasugua, harufu ikawa ya mbwa aliyeoga. Nikajaribu majivu, nikajaribu magadi, nikakamua malimao nane. Malimao yaliacha alama nyeupe kwenye ule wekundu.

Ndipo nikamkumbuka mama yangu.

Kwetu nyumba haijasafishwa mpaka imesiribwa. Mtoto akikojoa, mbuzi wakilala ndani, kuku wakifanya yao, mama hafuti tu. Anachanganya mavi mabichi ya ng'ombe na majivu yaliyochekechwa, anapiga magoti, anapaka kwa kiganja kuanzia ukutani kuelekea mlangoni, nusu duara kwa nusu duara. Ikikauka, harufu zote mbaya zimekwisha, nyumba inanukia majani. Mgeni wa heshima akitarajiwa, unasiriba upya, ili akiingia aone michoro ya mkono haijakanyagwa bado. Mimi mwenyewe nilikuwa nasifiwa kwa michoro yangu. Nikajiuliza, hivi cheti kimenifanya nisahau kitu nilichokijua tangu sijaota meno?

Nikachukua ndoo nikaenda kwa mwanafunzi wangu mmoja, mzee mwenye zizi pembeni ya mji. Alifurahi kupita kiasi. "Mwalimu, unasiriba? Nilidhani nyinyi wa kalamu mmeshapotea." Akanichagulia mwenyewe, akisema ya yule ng'ombe mweupe ndiyo yanashika vizuri. Siku ile nilisiriba chumba kizima. Nilihamisha cherehani, nikazunguka miguu ya meza, nikaweka michoro ambayo mama yangu angeita majirani waje kuiona. Kilipokauka nikasimama mlangoni nikavuta pumzi. Mbwa hayupo! Nilijipongeza kwa sauti. Mbwa mwenyewe nikamhamishia kwenye banda la kuni, kila usiku nikamzibia mlango kwa jiwe dhidi ya fisi, jambo ambalo ningeweza kulifanya tangu siku ya kwanza kama ningekuwa na akili.

Mama alirudi Jumatatu mchana, siku tatu kabla ya nilivyomtarajia. Shemeji alikuwa ameshatuma salamu yuko njiani: atafika Alhamisi, khitma ni Ijumaa.

"Shikamoo, Mama. Karibu. Mtoto hajambo?"

"Marahaba. Hajambo, ana pua ya babu yake." Yeye alikuwa ameshasimama mlangoni pa chumba cha mbele, na pua yake mwenyewe inafanya kazi. Akainama kutazama chini: "Mwalimu. Sakafu yangu iko wapi?"

"Iko chini, Mama."

"Chini ya nini?"

"Mavi ya ng'ombe," nikasema, na Mungu ananiona, nilisema kwa majivuno. "Mabichi kabisa. Nimekusiribia kwa ajili ya mgeni."

Alikaa pale pale kizingitini na kikapu chake mkononi. Akasema "Astaghfirullah" mara tatu, kila moja kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia. Afadhali angenipigia kelele.

"Nani kakuambia saruji inapakwa mavi?"

"Kwetu ndivyo tunavyomheshimu mgeni."

"Na kwetu hapo ndipo mtu hawezi kusali! Ni najisi, Mwalimu. Najisi, chumba kizima, ukutani hadi mlangoni!"

Hapo damu ikanichemka. Nilikuwa na hasira za karibu wakati ule, na hata sasa sijaachana nazo sana. "Kwani ng'ombe ni mchafu? Maziwa unayokunywa kila asubuhi yanatoka wapi?"

"Ng'ombe si mchafu. Kinachotoka nyuma yake ndicho."

"Kinachotoka nyuma yake kimeotesha mahindi yote niliyokula tangu nizaliwe!"

Alinitazama juu mpaka chini. "Ndiyo maana umekuwa mrefu hivyo," akasema. Kisha, bila kucheka, "Sasa niambie ulikuwa unafunika nini. Mtu hapaki chumba kizima kwa mapenzi tu."

Sikupata nafasi ya kutunga uongo. Mbwa alikuwa amesikia sauti mpya. Akatoka bandani taratibu, akapita katikati yetu akitikisa mkia, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni pa chumba cha mbele, akasimama akisubiri apishwe aingie kwake.

"Amelala humu?" Mama akauliza.

"Siku tisa."

Machozi yakamtoka. Hakuyaficha, wala hakuyafuta. "Unajua shemeji atasema nini? Atasema ndugu yake hajamaliza mwaka ardhini, na mahali alipokuwa akisujudu wanalala mbwa. Na atakuwa amesema kweli. Nitamjibu nini, Mwalimu? Nitambishia kwa lipi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimewahi kukosea mambo makubwa zaidi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuona aibu kama ile ya kumwangalia mama mtu mzima analia juu ya kikapu cha ndizi alizoniletea mimi kutoka Musoma. Nilipiga magoti nikamwambia nifukuze, au niadhibu, au niambie la kufanya.

Alipenga kamasi kwenye ncha ya kanga. "Kukufukuza ni rahisi," akasema. "Halafu nani atachota maji?"

Akanieleza sheria ya dini yake ilivyo. Kwanza uchafu wenyewe uondoke wote, yaani kazi yangu nzima ya sanaa. Halafu, kwa kuwa ni mbwa, maji saba, yaani kuosha mara saba, na mara moja kati ya hizo maji yachanganywe na udongo safi. Wala si sita. Saba.

Kubandua mavi ya ng'ombe kwenye saruji si kazi ya kumwombea rafiki yako. Nililowesha, nikakwangua kwa kisu cha mezani, nikasugua kwa dodoki, nikachokonoa kwenye nyufa kwa mwiba. Michoro yangu ikaondoka na majitaka, na nakiri nilisikia uchungu. Jumanne nikaanza maji. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu lizinduliwe, hivyo nilishuka chemchemini na kupanda, debe kichwani, na mbwa nyuma yangu kila safari kama karani wa mizigo. Mama alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, anahesabu.

"Mbili."

"Tatu, Mama."

"Mbili. Ile kona umeiruka."

"Sijairuka!"

"Mwalimu, wewe ndiye unayefundisha watu hesabu?"

Udongo ulizua mjadala mwingine. Nilitaka kuchota pale nyuma ya nyumba, akakataa, kuku wamepita. Barabarani, akakataa, punda wamepita. Mwishoni nikaenda mbali kwenye kichuguu, nikavunja kipande cha ndani ambacho hakijakanyagwa na mtu wala mnyama, nikakisaga kikawa laini kama unga wa uji. Alikipokea kiganjani, akakisugua kwa vidole, akakinusa. "Kumbe akili unayo," akasema. "Huwa unaiweka wapi?" Maji yale ya udongo tuliyasugua pamoja, yeye upande huu na mimi upande ule. Kanga yake ilikuwa imekunjwa kiunoni na magoti yake yanalia kila akijisogeza. Nikamwambia apumzike. Akaniambia kama nataka apumzike ningefuga samaki.

Jumatano maji saba yakatimia. Kisheria tulikuwa tumemaliza. Lakini adhuhuri jua lilipopiga bati na chumba kikapata joto, mbwa akarudi. Kwa mbali, kidogo tu, lakini yupo.

"Dini inasema harufu ikikataa baada ya kuosha sawasawa, imesamehewa," Mama akasema.

"Basi tumepona!"

"Mungu amesamehe. Shemeji yangu hajasamehe kitu tangu azaliwe."

Tukaanza kumtafuta. Kama mtu angechungulia dirishani mchana ule angekwenda kuita mganga: mwalimu wa serikali na mama wa Kitanga, wote wawili kwa mikono na magoti sakafuni, wananusa. Sakafu yenyewe ilikuwa safi, hata alama za malimao zilikuwa zimefifia kwa kusuguliwa. Pua ya Mama ndiyo iliyomkamata. Alikuwa sehemu mbili: kwenye mguu wa meza, ambako mbao ilikuwa imenyonya, na chini ya ukuta penye chokaa iliyobanduka. Mguu ule tuliukwangua kwa kipande cha chupa mpaka mbao mpya ikaonekana, tukaitoa meza nje juani, tukaufukiza mguu moshi kama mama yangu anavyofukiza kibuyu cha maziwa. Hilo lilikuwa wazo langu, na Mama alilikubali baada ya kuuliza mara mbili kama moshi nao unatoka nyuma ya ng'ombe. Ukutani tulikwangua chokaa, tukaosha, tukapaka upya.

Alhamisi asubuhi Mama alisimama katikati ya chumba, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Nilisubiri kama mtuhumiwa.

"Mbwa ameondoka," akasema. Pua ikaendelea kucheza. "Ng'ombe bado yupo."

Ni kweli. Kwenye nyufa ndogo za saruji, mahali ambapo mwiba wangu haukufika, palibaki kitu. Hakikuwa kibaya, kilikuwa kile kinukio cha majani makavu, cha nyumbani kwetu. Nikasema nichome udi. Akakataa. Akasema mtu akiingia nyumba inafuka udi mchana kweupe anajiuliza wenyewe wanaficha nini.

Shemeji alifika saa tisa, mtu mrefu mkimya, kanzu yake imepigwa vumbi la Musoma na maji ya kivuko cha mto Mara. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliangalia kuta, akaangalia cherehani, akapitisha kidole juu ya meza ya ndugu yake. Akaomba mkeka. Nilikuwa jikoni, mlango uko wazi, birika mkononi, na nikamwona anasujudu. Alikaa pale chini, paji la uso kwenye mkeka, muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona Mama akikaa. Sikujua kama anamlilia ndugu yake au ananusa.

Nilipoleta chai alikuwa ameketi, na Mama amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono magotini, kama mtu anayengoja matokeo.

"Shemeji," akasema yule bwana, "huko nje nimeona mbwa."

"Ni wa mpangaji wangu. Huyu."

Niliinamisha kichwa. Nikamsogezea kikombe.

"Aliingia humu?"

Mama angeweza kusema hapana. Mimi ningesema hapana, na ningeapa. "Aliingia," akasema. "Nilipokuwa Musoma. Tumeosha maji saba, moja la udongo. Nimehesabu mwenyewe."

Alitikisa kichwa kukubali, polepole. Lakini familia ile nadhani ilijaaliwa pua kwa pande zote, kwa damu na kwa ndoa. Akavuta pumzi. "Lakini bado kuna harufu."

"Hiyo ni ng'ombe."

"Ng'ombe? Ndani ya nyumba?"

"Ndani, nje, kwenye nguo, kwenye maziwa, kwenye hiyo chai unayokunywa. Hapa kwetu ndivyo kulivyo."

Alikiweka kikombe chini. "Kwenu?"

"Kwetu," Mama akasema.

Nilisimama na sinia yangu, sijui nitoke au nibaki. Wale wawili walikuwa wanatazamana, na nyuma yao cherehani ya marehemu imefunikwa kitambaa. Nilielewa kwamba hawazungumzi tena habari za sakafu, na moyo ulinienda mbio kwa ajili yake kuliko ulivyowahi kunienda kwa ajili yangu.

"Na haitoki?" shemeji akauliza. Aliuliza taratibu, na safari hii hakuwa na ukali wowote.

"Miaka ishirini na sita, shemeji," Mama akasema. "Haitoki."

Khitma ilisomwa Ijumaa, chumba kikajaa, watu wakala wali wakashiba. Jumamosi asubuhi tulimsindikiza shemeji stendi. Alipanda basi na kikapu kimoja, kile kile alichokuja nacho, na habari ya kuuza nyumba hakuigusa wakati ule wala katika barua nilizosoma baadaye. Basi lilipoondoka Mama alisimama akilitazama mpaka likapinda, kisha akaanza kutembea kurudi, haraka, mimi na mbwa tunamfuata.

Nyumbani alivua viatu, akaingia chumba cha mbele, akakaa chini sakafuni katikati, miguu ameinyoosha kama msichana. Akaupitisha mkono juu ya ule wekundu, nusu duara, halafu nusu duara nyingine.

"Hebu nionyeshe," akasema. "Mama yako anaanzia ukutani au mlangoni?"